ELIMU YA AFYA: Macho Makavu Yasiyosikia Dawa ya Matone

Macho kuwasha na kuwa mekundu ni jambo la kawaida, hasa wakati wa kiangazi vumbi linapotanda barabarani. Wengi hutumia dawa ya matone kwa siku chache na kupona. Hata hivyo, wapo wakazi ambao huimaliza chupa ya kwanza, ya pili na ya tatu, ilhali macho yamebaki vilevile: yanachoma na kukwaruza kana kwamba yameingiwa na mchanga. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, suala si kutafuta chupa ya nne, bali kuchunguza iwapo kweli tatizo lake limesababishwa na vijidudu.

Kazi ya machozi

Machozi si ya kilio pekee. Kila mtu anapopepesa, utando mwembamba wa machozi hutandazwa juu ya jicho. Utando huo una ute unaoyashikisha machozi, maji yenye chumvi na kinga dhidi ya vijidudu, pamoja na mafuta yanayozuia maji hayo yasikauke upesi. Kioo cha jicho hakina mishipa ya damu, hivyo hutegemea sana machozi kupata hewa, ulaini na ulinzi. Machozi yakipungua, uso wa jicho huvimba, huchubuka na huweza kupata kidonda.

Kinga inapokosea adui

Kinga ya mwili ni mlinzi wa nyumba. Wakati mwingine mlinzi huyo hukosea na kumshambulia mwenye nyumba. Katika ugonjwa wa Sjögren (hutamkwa karibu na "Shogreni"), chembe nyeupe za damu huvamia tezi zinazotengeneza machozi na mate. Ugonjwa huu umepewa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden, ambaye mwaka 1933 alieleza hali za wanawake 19 waliokuwa na macho makavu, wengi wao wakiwa pia na maumivu ya viungo. Huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, hasa wenye umri wa kati. Hauambukizi, wala hautokani na uchawi. Huweza kujitokeza peke yake au kuambatana na baridi yabisi ya viungo.

Dalili za kuangalia

• Macho kuchoma, kukwaruza au kuumizwa na mwanga kwa zaidi ya miezi mitatu.
• Kuona ukungu unaopungua mtu anapopepesa.
• Kinywa kukauka hata chakula kikavu kisimezeke bila maji, na meno kuoza upesi.
• Viungo kuuma na kukakamaa asubuhi, pamoja na uchovu usioisha.
• Tezi za mashavuni au shingoni kuvimba kwa muda mrefu.

Wakazi wasishangae wakiona jicho kavu likitoa machozi mengi. Jicho lililokwaruzwa hujitetea kwa kumwaga maji, lakini maji hayo hayakai wala hayalainishi kama machozi ya kawaida.

Hatari iliyomo katika chupa

Dawa za kuua bakteria haziponyi ukavu huu. Hatari kubwa zaidi imo katika matone yenye steroidi, ambayo huondoa wekundu kwa haraka na kumfanya mgonjwa aamini kuwa amepona. Yakitumiwa bila usimamizi wa daktari, huweza kupandisha presha ya macho, kuleta mtoto wa jicho na kuchochea maambukizi ya virusi au fangasi. Uoni unaopotezwa na presha ya macho haurudi. Vilevile, maji ya majani, maziwa ya mama na asali visitiwe machoni, kwa kuwa huweza kuingiza vijidudu kwenye jicho lililokwisha chubuka.

Uchunguzi na matibabu

Safari ianzie zahanati au kituo cha afya, ambako mgonjwa huweza kupewa rufaa kwenda kwa mtaalamu wa macho. Aeleze dalili zote, hata zile za kinywa na viungo, na ataje kila dawa anayotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za mzio na mafua nazo hukausha macho. Mjamzito mwenye ugonjwa huu aeleze mapema kliniki, kwani wakati mwingine kingamwili zake huweza kuathiri mapigo ya moyo wa mtoto tumboni.

Kipimo kimoja ni karatasi ndogo inayowekwa kwenye ukingo wa kope la chini kwa dakika 5. Ikilowa milimita 5 au chini ya hapo, machozi ni haba. Rangi maalumu huonesha michubuko, na damu hupimwa kutafuta dalili za kinga kujishambulia.

Ugonjwa huu hauna tiba ya kuumaliza kabisa, lakini hudhibitiwa. Mgonjwa hupewa machozi bandia, na inapobidi dawa za kutuliza kinga au vizibo vidogo vya kuziba njia ya machozi. Nyumbani, akae mbali na moshi wa kuni, avae miwani penye upepo na vumbi, apepese mara kwa mara anapotazama simu, na apige mswaki kwa dawa yenye floraidi. Anawe mikono kabla ya kutia dawa, ncha ya chupa isiguse jicho, na chupa isichangiwe na mtu mwingine.

Maumivu makali, uoni kushuka ghafla au doa jeupe kwenye kioo cha jicho ni dharura: mgonjwa afikishwe kituoni siku hiyo hiyo.

Mkazi ambaye macho yake hayajapona baada ya dawa ya kwanza anashauriwa kwenda kupimwa, akiwa amebeba chupa zote alizokwisha kutumia. Chupa hizo humsaidia mtaalamu kujua alichokwisha kujaribu na madhara ya kutafuta.