Moshi wa Tumbako na Mishipa ya Damu

Moyo husukuma damu mwilini usiku na mchana, nayo damu hupita katika mishipa. Mishipa ya kijana hutanuka na kurudi kama mpira. Mtu azeekapo mishipa yake hukakamaa. Lakini ile ya mvuta tumbako huharibika upesi zaidi. Sumu za moshi huingia katika damu na kuudhuru utando wa ndani wa mishipa. Hapo mafuta hujishika, njia ikawa nyembamba, kama mfereji ulioingia matope. Damu ikiganda katika mishipa ya moyo, moyo hukosa chakula chake. Ikiganda katika ubongo, mtu hupatwa na kiharusi. Na mzee ambaye mishipa ya miguu yake imeziba hawezi kwenda mbali, ila husimama njiani kwa maumivu.

Je, mzee aliyevuta miaka mingi akiacha, atapata faida? Katika mwaka 1951 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia waganga wa nchi ile, wakawauliza habari za kuvuta kwao. Waganga wanaume zaidi ya 34,000 wakafuatwa habari zao kwa muda wa miaka 50. Ikaonekana ya kuwa katika wale waliozaliwa kati ya 1900 na 1930, walioendelea kuvuta sigara walikufa kadiri ya miaka 10 mapema kuliko wasiovuta kamwe. Walioacha walipokuwa na umri wa miaka 50 waliokoa kadiri ya miaka 6. Walioacha walipotimiza 60 waliokoa 3. Basi hata mwenye mvi asikate tamaa: kawia ufike.