Usiku vidole vinakufa ganzi: je, programu ya mapumziko itanisaidia?

SWALI: Nina miaka 27, ni karani wa kuingiza data hapa Morogoro. Nashinda kwenye kompyuta kutwa nzima. Siku hizi kifundo cha mkono wa kulia kinauma, na usiku nazinduka vidole vimekufa ganzi. Mwenzangu kanishauri niweke programu inayokatiza kazi ili nipumzike. Inasaidia kweli, au nitagombana na bosi bure?

JIBU: Hiyo ganzi ya usiku inanitia wasiwasi kuliko maumivu yenyewe. Angalia inashika vidole gani. Ikiwa ni dole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete, huenda neva inayopita katikati ya kifundo inabanwa. Ikiwa ni kidole cha mwisho, hiyo ni neva nyingine, na mara nyingi hubanwa kwenye kiwiko. Nenda hospitali wiki hii ukapimwe. Kama una kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo au ni mjamzito, sema, kwa sababu hali hizo nazo huchangia. Neva ikibanwa muda mrefu, misuli ya chini ya dole gumba husinyaa, na kuirudisha ni kazi ngumu.

Sasa hiyo programu. Iweke, lakini usiitegemee kama dawa. Ushahidi kwamba programu peke yake huzuia maradhi haya bado ni mdogo. Workrave, kwa mfano, ni ya bure. Inafuatilia unavyotumia kibodi na kipanya, kwa hiyo ukiacha kuchapa, nayo haikuhesabii. Inakuja ikiwa imepangwa kukusimamisha sekunde 30 kila baada ya dakika 3, na dakika 10 kila baada ya dakika 45, na kikomo cha saa 4 kwa siku. Najua ofisini kwako saa 4 hazitoshi. Badili mpangilio: dakika 5 kila saa ni mwanzo mzuri.

Tunaoharibu ni sisi wenyewe. Wengi hubonyeza kuahirisha mpaka jioni. Wengine huacha kibodi na kushika simu, dole gumba likaendelea kuteseka. Mapumziko ni mikono kulegea. Simama, shusha mabega, kanywe maji. Ukirudi, kaa kifundo kikiwa kimenyooka, kisikunjike juu wala chini. Kwa ajili ya usiku, muulize daktari kuhusu kifaa cha kukishikilia kisipinde usingizini. Ganzi nyingi za namna hii hutulia hapo.

Kuhusu bosi, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 Marekani uliwafuata makarani wa kuingiza data kama wewe, wakaongezewa mapumziko ya dakika 5 katika saa zisizokuwa nayo. Maumivu yalipungua, na kazi waliyoingiza haikupungua. Hesabu fomu zako za wiki moja kabla ya kuweka programu na wiki moja baadaye, kisha mpelekee hesabu hiyo.