Somo la Kilimo: Kwa Nini Miche Huungua Baada ya Kupandikizwa

Msimu wa mvua unapokaribia, wakulima wengi huwa na miche ya nyanya, kabichi, sukuma wiki na pilipili hoho kitaluni, tayari kupelekwa shambani. Baadhi ya miche hiyo hupauka na kukauka majani ndani ya siku chache, hata ikinyweshwa maji vizuri. Mara nyingi lawama huiendea mbegu au wadudu, kumbe wakati mwingine kilichoiumiza ni mwanga wa jua. Somo hili linaeleza jinsi mmea unavyojikinga na mwanga uliozidi, na jinsi mkulima anavyoweza kuusaidia.

Mwanga ukizidi kipimo

Mmea hujitengenezea chakula kwa njia ya usanisinuru. Klorofili, yaani rangi ya kijani iliyo ndani ya jani, hunasa mwanga, na nguvu ya mwanga huo hutumika kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya kaboni. Kazi hii ina kikomo. Jua la saa sita mchana huwa na mwanga mwingi kuliko ule ambao jani la nyanya au la maharagwe linaweza kuutumia. Hata hivyo, klorofili huendelea kuunasa. Nguvu isiyopata kazi huzalisha oksijeni ya aina kali, inayoharibu sehemu za ndani za jani.

Wakati wa ukame hali huwa mbaya zaidi. Jani hufunga matundu yake madogo ili lisipoteze maji, hewa ya kaboni hukosa njia ya kuingia, na hata mwanga wa kadiri huwa umezidi. Kwenye nyanda za juu, asubuhi yenye baridi na jua kali huleta shida kama hiyo, kwa sababu baridi hupunguza kasi ya kutengeneza sukari.

Kinga za mmea

1. Kugeuza majani. Tazama kunde au maharagwe adhuhuri wakati wa kiangazi. Majani husimama wima, ukingo ukielekea jua, ili miale isiyapige moja kwa moja.

2. Kusogeza kijani. Vifuko vidogo vinavyobeba klorofili husogea hadi pembeni mwa seli, kimoja kikikaa kwenye kivuli cha kingine.

3. Kutoa nguvu kama joto. Jani lina rangi za manjano zilizofichwa na kijani. Mwanga ukizidi, mojawapo, violazanthini, hugeuzwa kuwa zeazanthini kwa muda wa dakika chache. Hii husaidia nguvu ya ziada kutoka kama joto bila kudhuru jani.

4. Kukarabati. Protini iitwayo D1 ndiyo huumizwa zaidi na mwanga. Mmea huiondoa iliyoharibika na kuweka mpya kila siku. Uharibifu ukishinda ukarabati, jani hupauka.

Mche wa kivulini

Jani lililokua kivulini huwa jembamba, na akiba yake ya rangi za manjano ni ndogo. Kinga yake hufanya kazi, lakini haitoshi kwa jua la wazi. Kuijenga akiba hiyo huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana mche uliotolewa ghafla huungua, ilhali mwenzake uliozoeshwa jua hustahimili.

La kufanya

- Anza kuzoesha miche jua siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza. Ondoa kivuli kwa saa moja au mbili za asubuhi, kisha ongeza muda kila siku hadi miche ikae juani kutwa.
- Punguza maji kidogo kidogo katika siku hizo, lakini usiache miche inyauke.
- Pandikiza jioni au siku ya mawingu. Nywesha kabla na baada.
- Jua likiwa kali, weka kivuli cha matawi au nyasi kwa siku 3 au 4 za kwanza.
- Weka matandazo ili udongo ushike unyevu.
- Usipogoe majani mengi ya nyanya kwa mpigo mmoja. Matunda yakiachwa wazi ghafla hubabuka upande wa jua.

Jinsi ya kutambua

Jani lililounguzwa na jua huwa na mabaka meupe au ya rangi ya majani makavu upande ulioelekea jua, huku sehemu iliyofunikwa na jani jingine ikibaki kijani. Wadudu wanaotafuna huacha matundu. Mche wenye kiu hulegea wote, na mara nyingi huinuka tena ukinyweshwa.

Usiharakishe kung'oa mche ulioungua. Jani lililopauka halitarudi kuwa kijani, lakini kichipukizi cha katikati kikiwa kizima, majani mapya yatakua yakiwa tayari yamezoea jua. Ukiwa na shaka, mwonyeshe afisa wa kilimo wa wadi yako jani lenyewe kabla ya kununua dawa.