YESU ALISIMAMA NJIANI

Somo: Marko 5:21-43



Juma hili tujifunze juu ya haraka. Siku zetu zimejaa: asubuhi soko ao kazi, mchana mambo ya watoto, jioni ibada na mazoezi ya waimbaji, na telefone hailali. Tunamsalimu mtu, na mbele hajajibu tumekwisha kumpita.

1. Yesu alikuwa na haraka ya kweli. Yairo, mkuu wa sinagogi, alianguka miguuni pake. Binti yake wa miaka 12 alikuwa karibu kufa. Ni nani kati yetu mwenye safari ya kupita hiyo kwa uzito?

2. Lakini alisimama. Mwanamke aliyetoka damu miaka 12 aligusa vazi lake, akapona. Yesu angeweza kuendelea, maana ugonjwa ulikuwa umekwisha. Yeye akauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi walishangaa, kwa kuwa watu wengi walikuwa wakimsonga. Akatazama pande zote, mpaka mama yule akaja na kueleza yote. Kisha akamwita binti. Afya aliipata kwa kugusa. Jina la binti alilipata kwa sababu Yesu alisimama.

3. Na Yairo? Akiwa pale, watu wakaleta habari kwamba mtoto amekufa. Hapo moyo wetu unashituka: kumbe kusimama kule kumeharibu yote! Lakini Yesu alimtuliza Yairo, akafika, akamshika mtoto mkono, akamwamsha. Tena akaagiza apewe chakula. Hata nyuma ya ajabu kubwa namna ile, hakusahau njaa ya mtoto.

Basi, tufanye nini? Hatusemi kwamba mgonjwa acheleweshwe kufika hospitali, ao kwamba kazi iachwe. Tunasema: mtu aliye mbele yetu si kizuizi cha kazi ya Mungu. Tukitembelea mgonjwa, tukae chini. Sala ya mlangoni inamwonyesha kwamba tumekwisha kuondoka. Mtoto akirudi kutoka masomo na neno lake, tuweke telefone kando. Mzee akisimulia, tumwache afike mwisho.

Swali la kuzungumza nyumbani: juma hili ni nani aliyetugusa, nasi hatukugeuka? Kesho tumtafute.

Mungu awabariki. Amina.