Honi Imelia Wapi?

Leo sikuleta shairi wala kitendawili. Nimeleta somo, na somo lenyewe nusura linitoe roho.

Mnajua barabara ya Mombasa hadi Malindi inavyopita hapa kwetu Kikambala. Jioni moja nilikuwa navuka kwenda upande wa baharini. Honi ikalia. Nikageuka kushoto, upande wa Malindi: hakuna gari. Nikatia mguu. Kumbe matatu inatoka Mombasa, kulia kwangu! Rafiki yangu alinivuta shati, la sivyo mngekuwa mnasoma tanzia.

Sikio langu la kulia halisikii tangu lilipotoka usaha nikiwa mdogo. Lakini honi niliisikia vizuri. Mbona basi sikujua ilikotoka? Nikamwendea mwalimu wa baiolojia.

Jawabu ni hili. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Ikitoka kulia, hufika sikio la kulia kwanza, kisha huzunguka kichwa kulifikia la kushoto. Njia hiyo ya ziada ni kama sentimita 22. Hebu pigeni hesabu: 0.22 gawanya kwa 340 ni kama sekunde 0.00065. Haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde! Lakini ubongo huipima.

Kazi hii hufanyika katika shina la ubongo, juu kidogo ya uti wa mgongo, kwenye makundi ya seli za neva yaitwayo zeituni ya juu. Kundi la kwanza hupokea habari kutoka masikio yote mawili. Kila seli ni kama mlango mzito: hufunguka sawasawa pale tu wawili wanaposukuma pamoja. Mwaka 1948 Mmarekani Lloyd Jeffress alieleza kwamba huenda neva zenye urefu tofauti huichelewesha habari iliyotangulia ili ikutane na ile iliyochelewa. Mpango wa namna hiyo umeonekana kwa bundi. Kwa mamalia kama sisi, ziko pia neva za kuzuia, na wataalamu wangali wanabishana juu ya kazi yake.

Kundi la pili hushughulikia sauti nyembamba, kama filimbi ya refa. Sauti hizo hukingwa na kichwa, kwa hiyo sikio la mbali husikia hafifu. Hapo ni mchezo wa kuvuta kamba: sikio la upande wa seli huichochea, la pili huizuia. Mwenye nguvu ndiye hutoa habari.

Hata wenye masikio mazima hutatizika wakipiga mbizi. Majini sauti hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, na ile tofauti ya muda hupungua zaidi ya mara nne. Ndiyo maana mtu aliye chini ya maji husikia injini ya mashua asijue iko wapi.

Sasa mnaona taabu yangu. Ubongo ni kama mzee wa baraza, nami nampelekea shahidi mmoja tu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi nawaomba mambo mawili. Mkivuka barabara, toeni vile vidude vya muziki masikioni, tena tazameni pande zote mbili. Na sikio likitoka usaha, nendeni zahanati siku hiyo hiyo. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu lingeisikia, lau ingeletwa mapema.