Kamioneti: moteri yenye nguvu ao moteri isiyokula sana?

Ndugu mfanyakazi, labda umeweka feza kidogo kidogo kwa miaka mingi, ao pansio iko karibu, na wewe na bibi yako mmekata shauri: mtanunua kamioneti. Itatoa mahindi shambani, itabeba simenti ya nyumba yenu, na siku ingine itapata mzigo wa mama wa sokoni. Ni shauri jema. Lakini mbele ya kutoa feza kuna ulizo moja ambalo wanaume wanabishania mpaka usiku: tununue moteri yenye nguvu nyingi, ao ile inayokula kidogo?

Ukurasa huu ni wa usalama na afya, si wa biashara ya motokari. Tunaleta ulizo hili hapa sababu jibu lake linagusa mwili wako na watoto wako, si mfuko tu. Moteri yenye nguvu inaficha uzito wa mzigo. Moteri dhaifu nayo, na bei ya mazutu, vinamfundisha shofere werevu mbaya wakati wa kushuka kilima. Katika njia zote mbili watu wanakufa.

FARASI NA KUVUTA SI KITU KIMOJA

Muuzaji atakutajia kwanza hesabu ya farasi. Mwache aseme, kisha umwulize hesabu ya pili: nguvu ya kuzungusha, ambayo inapimwa kwa nyutoni-meta. Hiyo ndiyo inayosukuma mzigo uondoke pahali. Farasi ni nguvu hiyo ya kuzungusha ikizidishwa kwa mbio za mizunguko ya moteri. Kwa hiyo moteri isiyo na nguvu nyingi ya kuzungusha inaweza kupata farasi wengi, mradi izunguke mbio sana. Na kuzunguka mbio ndiko kunakokunywa.

Tuchukue Toyota mbili. Land Cruiser ya mazutu yenye moteri 1HZ, silinda 6, litra 4.2, bila turbo, ina farasi karibu 130 tu. Lakini ina nyutoni-meta 285, na inazipata kwa mizunguko 2,200 kwa dakika. Hilux ya esansi ya litra 2.7 ina farasi karibu 160, nyutoni-meta karibu 245, na mpaka izipate lazima izunguke karibu mara 4,000. Ukisoma farasi peke yake, utasema Hilux inashinda. Weka simenti mifuko 20 nyuma ya kila moja, ndiyo kilo 1,000, uende kupanda kilima. Ile ya mazutu itapanda pole pole bila kelele. Ile ya esansi itapanda pia, lakini itaomba viteso ya chini, italia, na sindano ya esansi itashuka mbele ya macho yako.

Mazutu ina faida ingine: litra moja ya mazutu ina joto la kazi zaidi kuliko litra moja ya esansi, karibu sehemu moja juu ya kumi, na moteri ya mazutu inajua kulitumia vizuri zaidi. Ndiyo sababu magari ya mizigo ya dunia nzima ni ya mazutu.

Turbo imegeuza hesabu. Hilux ya mazutu ya litra 2.4, ambayo moteri yake ilitoka mwaka 2015, ina farasi karibu 150 na nyutoni-meta hadi 400. Moteri ndogo inavuta kuliko ile kubwa ya zamani, na inakula kidogo kuliko yenyewe. Basi ununue hiyo, bila kufikiri? Ngoja. Injeksio yake inataka mazutu safi. Mazutu ya bidoni za kando ya barabara, yenye maji na mchanga, itaiharibu, na fundi wa kuitengeneza lazima awe na mashini ya kusoma kompyuta ya motokari. Kama unakaa mbali na garaji ya namna hiyo, moteri ya zamani inayokula zaidi inaweza kukugharimu kidogo kuliko mpya iliyolala uani miezi mitatu.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawasemi: tunakaa juu. Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya bahari, Kolwezi inapita meta 1,400. Hewa ni nyepesi huku. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja juu ya mia kwa kila meta 100 za kupanda. Wale farasi 130 wa kitabu, kwa Lubumbashi ni karibu 115. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, kwa hiyo inapoteza kidogo sana.

UNAHITAJI FARASI WANGAPI?

Tufanye hesabu. Kamioneti pamoja na mzigo ni tani 3. Inapanda njia ya shimo la wazi, ambayo inapanda meta 10 kwa kila meta 100. Inakwenda kilometa 30 kwa saa. Kwa kazi hiyo magurudumu yanahitaji farasi karibu 40. Arobaini tu! Hata moteri ya zamani ya litra 2.8 inawapata. Farasi wanaozidi hapo ni wa mbio, na mbio ni mlafi: upepo unaozuia motokari kwa kilometa 110 kwa saa unakaribia mara mbili ya ule wa kilometa 80. Mtu anayelalamika kamioneti yake inakula sana, mara nyingi angetazama kwanza mguu wake wa kuume.

Hatusemi moteri dhaifu ni nzuri. Kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi utakuta magari marefu ya madini. Ukitaka kupita gari moja linalokwenda kilometa 60, na wewe uko kwa 80, unahitaji sekunde karibu 11. Katika sekunde hizo unakula meta 250 za barabara, na yule anayekuja mbele kwa mbio zile zile anakula zake 250. Ni nusu kilometa ya barabara tupu, bila vumbi, bila kona. Na kama mzigo unazuia moteri yako kufika 80 upesi, hata nusu kilometa haitoshi. Basi mwenye moteri ndogo abaki nyuma ya gari la madini. Kufika na saa moja ya kuchelewa si aksida.

KUSHUKA NDIKO KUNAKOUA

Sasa tugeuze kamioneti ile ile ya tani 3 ishuke njia ile ile kwa kilometa 30. Nguvu iliyoipandisha sasa inaisukuma chini, na lazima kitu kiizuie. Kama freni peke yake ndiyo inazuia, inapokea joto la kilowati karibu 20. Fikiri resho za umeme 20, kila moja ya kilowati 1, zinawaka pamoja ndani ya magurudumu manne. Kisha dakika zinapita. Freni inaanza kunuka, kisha pedali inakwenda chini na motokari haisikii tena.

Hapa hesabu ya farasi haikusaidii kitu. Mtu aliyenunua farasi 200 hakununua freni za gari la tani 10. Resori, mipira na freni za kamioneti zimepimwa kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao chake cha chuma. Kwa Kifaransa ni herufi PTAC. Huo ni uzito wote: motokari, mzigo, shofere na watu. Moteri dhaifu, ukiipakiza kupita kibao, inakuambia: inalia, inachemka, inakataa kilima. Moteri yenye nguvu inanyamaza. Inapandisha tani 2 za makala na watu kumi juu yake kama vile hakuna kitu, na shofere anafurahi mpaka kilele. Kwa hiyo, mwenye moteri ya nguvu, usiiulize moteri kama mzigo ni mwingi. Hesabu mifuko mbele ya kuondoka. Na watu wasiketi juu ya mzigo, hata kama wanalipa, hata kama ni ndugu.

Mwenye moteri dhaifu, ao mwenye feza kidogo ya mazutu, ana kosa lake. Anafika kilele, anaondoa viteso, wengine wanazimisha moteri kabisa, ili motokari iteleme bure. Anadhani anabakiza mazutu. Moteri ikizimwa, freni inabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, na ukichomoa funguo unaweza kujifunga. Na kile anachotafuta hakipo! Moteri ya mazutu, na ya esansi yenye injeksio, ikiwa ndani ya viteso na mguu umetoka kwenye pedali, inakata mafuta yenyewe. Magurudumu ndiyo yanaizungusha. Ukiondoa viteso inabidi ijilishe ili isizimike. Kwa hiyo anayeshuka ndani ya viteso anakula kidogo kuliko yule mwerevu. Ushuke na viteso ile ile ambayo ungetumia kupanda, na freni uikanyage kwa nguvu kidogo kidogo, uiache ipoe, usiibembeleze muda wote.

PIMA MWENYEWE

Usiamini litra za muuzaji wala za jirani. Jaza tanki mpaka juu, andika kilometa. Tembea siku zako za kawaida na mizigo yako ya kawaida, kisha jaza tena mpaka juu kwenye pompi ile ile. Tuseme uliingiza litra 36 na ulitembea kilometa 300: 36 kwa 300, mara 100, ni litra 12 kwa kilometa 100. Fanya mara tatu. Mama wa nyumba anayeshika kitabu cha matumizi afanye hesabu hiyo. Kwa kawaida hadanganyi kama mwenye motokari.

Kati ya kamioneti inayokula litra 9 na ingine ya litra 13, tofauti ni 4. Ukitembea kilometa 1,500 kwa mwezi, ni litra 60. Zidisha kwa bei ya leo, ulinganishe na bei ya unga. Kama litra zinapanda na njia haikubadilika, tazama mipira iliyopungukiwa upepo, filtri ya hewa iliyojaa vumbi (huku kwetu wakati wa jua inajaa upesi), na freni inayokwaruza.

Tazama pia moshi. Moshi mweusi ni mazutu uliyolipa na ambayo haikuungua vizuri. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Dunia walitangaza kwamba moshi wa moteri za mazutu unaleta kansa ya mapafu. Usiwashe moteri ndani ya garaji iliyofungwa, wala chini ya dirisha la chumba cha watoto.

Na mafuta ya akiba? Esansi isilale nyumbani. Moshi wake hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye mbabula. Usiitie kamwe ndani ya chupa ya limonadi. Usinyonye esansi wala mazutu kwa tiyo na kinywa: tone dogo likiingia mapafuni linaleta ugonjwa mkali. Mtoto akinywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Mpeleke hospitali mara moja, na chupa uichukue pamoja ili munganga ajue ni kitu gani.