Ufahamu na Ufupisho: Kujifunza Kusikia Upya

Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza

Watahiniwa wengi hupoteza alama katika ufahamu kwa sababu hujibu wanachokijua wao badala ya kile kilichoandikwa. Soma habari mara mbili. Mara ya kwanza tafuta inahusu nini. Mara ya pili soma ukiwa na maswali mkononi. Ukiulizwa maana ya neno, toa maana kama lilivyotumika katika habari. Jibu kwa maneno yako mwenyewe, katika sentensi kamili.

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Nilipokuwa kidato cha pili niliugua homa ya uti wa mgongo. Nilipona, lakini nilitoka wodini nikiwa sisikii kitu. Mama aliponisemesha niliona midomo yake ikicheza tu. Daktari alieleza kuwa vinyweleo vidogo vya sikio la ndani, vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo, vilikuwa vimekufa, navyo havioti tena. Kifaa cha kawaida cha kusaidia kusikia kisingenifaa, kwa kuwa kazi yake ni kukuza sauti tu. Alishauri nipandikizwe koklea bandia, tena mapema, maana baada ya ugonjwa huo koklea inaweza kuota mfupa ndani na kuziba njia.

Koklea bandia ina sehemu mbili. Sehemu ya nje huvaliwa nyuma ya sikio: maikrofoni hunasa sauti, kompyuta ndogo huichambua, na kisahani chenye sumaku huirusha kupitia ngozi. Sehemu ya ndani hupandikizwa kwa upasuaji. Hiyo hupokea mawimbi na kuyapeleka kwenye uzi mwembamba uliochomekwa ndani ya koklea, wenye vituo vya umeme vinavyoamsha neva ya kusikia. Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kufanya upasuaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walilazimika kupelekwa nje ya nchi.

Wiki nne baada ya upasuaji, kidonda kikiwa kimepona, niliitwa kuwashiwa kifaa. Nyumbani walijiandaa kama watu wanaokwenda kumpokea mgeni. Mama alivaa kitenge chake cha sikukuu, akakaa mbele yangu. Mtaalamu wa usikivu alibonyeza kompyuta yake, kisha akampa mama ishara. Mama akaita jina langu. Nilichosikia kilikuwa milio mikali, ti-ti-ti, mfano wa filimbi iliyopulizwa ndani ya debe. Nilivua kile kisahani nikakiweka mezani. Mama alijifuta machozi kwa pembe ya kitenge, akidhani upasuaji umeshindikana.

Mtaalamu aliniandikia kwenye karatasi: “Kifaa ni kizima. Sikio lisilo na tatizo lina maelfu ya seli za kusikia; wewe sasa una vituo 22. Ubongo wako umepewa lugha mpya. Uufundishe.” Alieleza pia kwamba ningerudi mara kwa mara ili arekebishe kiwango cha umeme cha kila kituo, na kwamba kifaa kivaliwe kutwa nzima, si kwa saa moja moja.

Mazoezi yakaanza. Kila jioni bibi alifunika mdomo kwa kanga ili nisimsome midomo, akatamka sauti sita: a, i, u, m, s na sh, nami nirudie. Siku za kwanza sikuweza kutofautisha s na sh. Baadaye tuliingia kwenye maneno yanayokaribiana: paka, pata, pasa. Mdogo wangu alinisomea kitabu kwa sauti huku nikifuatisha mistari kwa kidole. Nilichoka kichwa kuliko aliyeshinda shambani. Wiki ya tatu nilikifungia kifaa kabatini kwa siku mbili. Bibi hakunigombeza. Alichukua daftari langu akaandika: “Mjukuu wangu, ulipojifunza kutembea ulianguka mara ngapi? Yupo aliyekwambia ukae?” Nikakirudisha kifaa sikioni.

Mwezi wa tatu, nikiwa jikoni nachambua mchele, nimeupa mlango mgongo, nilisikia: “Hodi!” Bila kufikiri nikaitika, “Karibu!” Kisha nikashtuka kwa kuwa nimeitika. Aliyekuwa mlangoni ni mama, katoka sokoni. Sauti yake bado ilikuwa na ukwaruzo, lakini ilikuwa yake. Aliweka kikapu chini, akasema tena, “Hodi!” Nikaitika tena. Tulirudia hivyo mara nne au tano, kama watoto.

Siwezi kusema nimerudi kuwa kama zamani. Ndani ya daladala sauti huchanganyika kama mchele na kokoto. Katika muziki napata mdundo, wimbo wenyewe hunipotea. Betri ikiisha, au nikivua kifaa ili kuoga na kulala, narudi kwenye ukimya uleule. Kwa sababu hiyo najifunza pia Lugha ya Alama, na miongoni mwa rafiki zangu viziwi hakuna anayeniona pungufu. Darasani nakaa mstari wa mbele, na nimewaomba walimu wasizungumze huku wameutazama ubao. Ombi hilo halina gharama yoyote, ila mpaka leo ni mwalimu mmoja tu anayelikumbuka.

Maswali

1. (a) Eleza kilichosababisha msimulizi apoteze usikivu.
(b) Kwa nini kifaa cha kawaida cha kusaidia kusikia kisingemfaa?
(c) Mama alilia kwa kudhani nini? Je, dhana yake ilikuwa sahihi? Thibitisha.
(d) Mtaalamu alikuwa na maana gani aliposema, “Ubongo wako umepewa lugha mpya”?
(e) Toa maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (i) kisahani (ii) nimeupa mlango mgongo (iii) ukwaruzo.
(f) Msimulizi ana lalamiko gani mwishoni mwa habari?
(g) Pendekeza kichwa cha habari kisichozidi maneno matano.

2. Fupisha aya ya tano hadi ya saba kwa maneno yasiyopungua 60 na yasiyozidi 70.

Majibu na maelezo

1. (a) Aliugua homa ya uti wa mgongo, ambayo iliua vinyweleo vya sikio la ndani. Ukitaja ugonjwa peke yake, jibu lako ni nusu. Swali limetaka ueleze.

(b) Kifaa hicho hukuza sauti tu, wakati tatizo lake ni kufa kwa vinyweleo vinavyogeuza sauti kuwa ishara. Sauti hata ikikuzwa namna gani, haina cha kuipeleka kwenye ubongo.

(c) Alidhani upasuaji umeshindikana. Dhana yake haikuwa sahihi, kwani mtaalamu aliandika kuwa kifaa ni kizima, na mwezi wa tatu msimulizi aliitika hodi bila kumwona aliyebisha. Angalia: swali hili lina sehemu tatu. Watahiniwa wengi hujibu mbili na kuisahau ya “thibitisha”.

(d) Alikuwa na maana kwamba ishara zinazotoka kwenye kifaa ni tofauti na zile ambazo ubongo ulizizoea, hivyo msimulizi atazielewa kwa kujifunza taratibu, kama mtu anavyojifunza lugha ngeni. Kosa la kawaida ni kuandika kuwa alifundishwa lugha nyingine, kama vile Kiingereza. Usemi huu ni wa kitamathali; usiuchukue kwa maana ya wazi.

(e) (i) Kisahani ni sehemu ya kifaa yenye sumaku inayorusha sauti kupitia ngozi. Aliyeandika “sahani ndogo ya chakula” amesahau maneno “kama yalivyotumika”. (ii) Nimegeukia upande mwingine, siuoni mlango. Maelezo haya ni muhimu katika habari, kwa sababu yanaonyesha kuwa alisikia kwa sikio na hakusoma midomo. (iii) Hali ya sauti kukosa ulaini, kukwaruza.

(f) Analalamika kuwa walimu, isipokuwa mmoja, hawakumbuki ombi lake la kutozungumza huku wakitazama ubao.

(g) Kujifunza Kusikia Upya. Au Safari ya Kusikia Tena. Kichwa kama “Homa ya Uti wa Mgongo” hakifai, kwa kuwa ugonjwa ni mwanzo wa habari, si kiini chake.

2. Mfano wa ufupisho:

Msimulizi alifanya mazoezi kila jioni akisaidiwa na bibi na mdogo wake. Alianza kwa sauti sita, kisha maneno na kufuatisha kitabu kikisomwa. Wiki ya tatu alikata tamaa, lakini bibi alimtia moyo akaendelea. Mwezi wa tatu alisikia mama akibisha hodi akaitika. Hata hivyo, kelele na muziki bado humsumbua, na akivua kifaa hasikii. Hivyo anajifunza pia Lugha ya Alama na hukaa mstari wa mbele darasani. (Maneno 62)

Tazama yaliyoachwa: kanga ya bibi, mchele, kikapu na tamathali zote. Hayo hupamba habari, lakini yakiondolewa hoja kuu haipotei. Tazama pia yaliyobaki: matatizo anayoendelea kuyapata. Mtahiniwa anayeishia kwenye “Karibu!” ameandika habari nzuri zaidi kuliko aliyoisoma, naye atakosa alama za aya ya mwisho.

Zoezi la nyongeza: Mwandikie mwalimu wa darasa barua ukimweleza mambo matatu ambayo darasa lenu linaweza kufanya ili mwanafunzi mwenye usikivu hafifu afuatilie masomo. Barua isizidi maneno 150.